Utepe Niliousafisha Mno

Jumatano, alasiri. Mvua ya Kakamega imeshuka saa nane kamili kama ilivyo desturi yake, haijali nani ana msiba na nani hana. Mabati ya chumba hiki yanapiga kelele hata sijisikii nikipumua. Afadhali. Nimejisikia vya kutosha wiki hii.

Daftari, siku nane sikukugusa. Bwana Mukabana, mkuu wetu wa vipindi kule redioni, aliniamuru niandike ukurasa mmoja wa Kiswahili kila siku ili ulimi uzoee. Ananiambia nikishika kipaza sauti nasikika kama mtu aliyebeba mtungi kichwani na anaogopa kuumwaga. Basi nimekuwa nikiandika habari za mvua, za soko, za mwenye nyumba wangu na kuku wake. Leo siandiki kwa ajili ya ulimi.

Kukhu amekufa.

Ni nyanya yangu, mama wa baba yangu, wa kule Navakholo. Baba alifariki nikiwa sijaota meno ya pili, na Kukhu ndiye aliyenilea, akanichapa, akanipeleka shule ya misheni, akanicheka niliporudi na viatu. Alifariki Alhamisi alfajiri, nyumbani kwake, baada ya siku tatu za kutotamka neno. Tulimzika Jumamosi. Jana Jumanne ilikuwa siku ya kunyolewa, na ndiyo siku ninayotaka kuiandika, ingawa mkono haupendi.

Lakini nianze na kipindi, maana kila kitu kilianzia hapo.

Tangu bendera yetu ipande, redio inataka sauti za kwetu. Mimi nilikuwa mpiga taipu tu, katika chumba cha redio nyuma ya ofisi za serikali. Siku moja msomaji wa matangazo aliugua koo, Bwana Mukabana akanisukuma mbele ya kipaza sauti nisome habari za chanjo ya ng'ombe. Nilisoma. Aliyekuwa akisikiliza akasema huyu binti ana sauti. Baada ya mwezi nikaambiwa nitengeneze kipindi changu mwenyewe, robo saa, cha Jumamosi asubuhi. Nilikipa jina la Wimbo na Mwenye Wimbo. Wazo lilikuwa langu na nililipenda sana: tutafute wimbo wa kazi, wa kupalilia, wa kusaga, wa kubembeleza mtoto, na tumsikie mwenyewe aliyeukuza. Nilijua wa kwanza atakuwa nani bila kufikiri.

Nikabeba mashine ya kunasia sauti hadi Navakholo. Inatumia betri, na uzito wake ni wa debe la maji. Kukhu aliiangalia akasema imekaa kama sanduku la mzungu aliyefukuzwa kazi. Kisha akapiga magoti kwenye jiwe la kusagia, akamwaga wimbi, akaanza kusaga na kuimba ule wimbo wake wa asubuhi. Jiwe lilienda, sauti ikaenda. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kidogo lakini haikutetereka. Nilishika kipaza sauti nikijiambia kwamba maisha yangu yameanza.

Katikati ya wimbo aliacha. Jiwe likasimama. Akafuta jasho kwa kiganja, akaniangalia, akasema kwa lugha yetu maneno ambayo nayaandika hapa jinsi ninavyoyakumbuka, na naomba niwe nayakumbuka sawasawa:

"Rasoa, ngoja. Hii wimbo Halima alikuwa anaipenda tukisaga na yeye. Umwambie arudi nyumbani. Mimi sina neno na yeye tena, roho yangu ilishapoa. Na siku nikienda, akae na ndugu zake, anyolewe."

Kisha akakohoa, akashika jiwe tena, akamaliza wimbo. Mwishoni jogoo akawika, tukacheka wote wawili.

Halima ni senge yangu, dada ya baba, binti pekee wa Kukhu. Alizaliwa Truphosa. Miaka kumi na miwili iliyopita aliolewa na mwuza nguo wa Shianda, Mwislamu, akasilimu, akaitwa Halima. Marehemu babu alisema hana binti tena. Babu alipokufa, Baba Mkubwa Eliakimu alirithi boma na hasira yake pia. Senge alikuja kumlilia baba yake akarudishwa njiani. Tangu hapo nyumbani wakimtaja, na si mara nyingi, ni "yule wa Shianda". Mimi alikuwa akinitumia vitambaa vya sare ya shule kupitia kwa mwalimu, kwa siri, na Kukhu alijua na akajifanya hajui. Lakini jina la Halima sikuwahi kulisikia kinywani mwa Kukhu mpaka siku ile, mbele ya mashine.

Nilirudi mjini nimefurahi. Nilijiambia wiki hiyo hiyo nitapanda basi la Mumias, nishuke njiani, niende Shianda nikampe Senge salamu zake.

Sikupanda.

Nilikuwa na kipindi. Bwana Mukabana alinifundisha kukata utepe, ule ukanda wa mashine unaoshika sauti. Unausogeza kwa mkono polepole mpaka usikie pale sauti inapoanza, unatia alama kwa penseli, unakata kwa wembe kwa mshazari, unaunganisha kwa karatasi ya gundi. Ni kazi ya subira na nina subira. Alisikiliza wimbo wa Kukhu mpaka pale jiwe liliposimama, akainua kidole.

"Hapo mama anaanza stori za nyumbani," alisema. "Toa. Msikilizaji wa Lamu ama Lodwar hajui huyo Halima ni nani. Jogoo mwache, jogoo ni mzuri."

Nikatoa. Nilikata mahali jiwe lilipofika mwisho wa mkwaruzo, nikaunganisha na mahali lilipoanza mwingine, na mapigo yakaangukiana sawa kabisa. Nilisikiliza mara ishirini, hapakusikika chochote. Bwana Mukabana alikuja, akasikiliza, akaniomba nimwonyeshe nilipokata. Yeye mwenyewe hakupaona. Akasema hajamwona mwanafunzi mwenye mkono kama wangu, na nilienda nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Vipande vya utepe vilidondoka kwenye kikapu cha takataka. Sikuvitazama. Naandika hili kwa makusudi ili nisije siku moja nikajidanganya kwamba nilisitasita.

Basi jogoo aliachwa na Halima akatolewa.

Kuhusu Senge, nilijiambia nitamwandikia barua. Kisha nikajiambia barua haifai kwa jambo kama hili, nitaenda mwenyewe kipindi kikikamilika. Kila wiki ilikuwa na sababu yake. Zilipita wiki tatu, na wiki ya tatu ndiyo aliyoanguka Kukhu jikoni.

Sasa jana. Kwetu, siku ya kunyolewa, wote waliotoka katika nyumba ya marehemu huketi uani na wembe hupita kichwa baada ya kichwa. Kabla wembe haujaanza huulizwa: marehemu aliacha neno gani, na nani alilisikia? Hapo ndipo vinasemwa vya shamba, vya ng'ombe, vya nani amemkosea nani. Ukinyolewa wewe ni mtoto wa nyumba hiyo. Usiponyolewa ulikuja kama jirani, unapewa chai unaenda.

Senge Halima alikuja. Nilimwona kabla ya watu wengine kumwona: amesimama nje ya ua wa michongoma, amevaa nguo nyeupe, mtandio kichwani. Hakuingia. Nilimwendea akanisalimia, "Salaam aleikum, mwanangu," nikashindwa kuitikia vizuri kwa kilio. Akaniambia mume wake amekubali akatwe nywele kidogo tu, pale nyuma ya sikio, chini ya mtandio, pasipoonekana. Alikuwa amekwisha kuulegeza mtandio tayari. Nilimwambia, "Ngoja hapa, Senge. Kukhu aliacha neno juu yako. Nitalisema."

Nilimwambia hivyo kwa kinywa changu. Nilimpa tumaini kabla sijalishika mkononi.

Na mimi, kwa ujinga wangu wa majivuno, nilikuwa nimebeba mashine. Baba Mkubwa ndiye aliyeomba, kwamba watu wamsikie mama yao kwa mara ya mwisho, lakini nisiseme uongo, nilitaka kuonekana nayo. Niliiweka juu ya kiti, nikageuza kitufe, Kukhu akaanza kusaga. Wanawake walishika vichwa. Baba Mkubwa Eliakimu, mtu mkubwa yule, aliinamisha uso ndani ya kofia yake akalia kwa sauti. Wimbo ukaenda mpaka mwisho, jogoo akawika, mtu mmoja akasema hata jogoo yake imo.

Ndipo Baba Mkubwa alipojifuta akauliza nani alizungumza na mama kwa mwisho, akiwa na nguvu zake. Wote wakaniangalia mimi. Nikasimama nikasema yote, neno kwa neno, na nikasema Halima, si Truphosa wala yule wa Shianda, kwa sababu ndivyo alivyosema.

Hakuna aliyenipigia kelele. Ningependa wangenipigia.

"Alisema hivyo lini?" Baba Mkubwa aliuliza.

"Akiimba. Alisimamisha jiwe akasema, kisha akaendelea."

Aliitazama mashine. "Lakini wimbo tumesikia sisi wote sasa hivi. Jiwe halikusimama. Hiyo kitu si inashikanga kila neno? Jogoo imeshika."

"Nilikata, Baba."

"Ulikata nini?"

"Maneno yake. Kazini tunakata maneno, tunaacha wimbo."

Hakuwa na ukali usoni, alikuwa amechoka, na macho yake yalikuwa bado mekundu. Kisha akaniuliza:

"Kama unaweza kutoa neno ya mama na sisi hatuoni mahali ilitoka, nani atatuambia hujui pia kutia?"

Na kila mtu pale, hata kama ilikuwa siri, anajua nani alinitumia vitambaa vya sare.

Hiki ndicho kinachonila. Ningeenda mikono mitupu, bila mashine, wangeniamini. Siku zote watu wameamini yule aliyekaa na marehemu, ndivyo ilivyo, hatujawahi kuwa na njia nyingine. Baba Mkubwa angenuna, angeguna, lakini neno la mama yake asingelivuka. Mimi nililipeleka neno na kuleta shahidi wa kulipinga. Kazi yangu nzuri, ule mkono wangu usiosikika, ndio uliosimama pale uani ukasema Rasoa anadanganya.

Wembe ukaanza. Ulipofika kwangu nilitaka kukataa, nikaogopa. Nimenyolewa. Upepo unapita kichwani na kila nikijigusa naona aibu.

Baadaye nilitoka nje ya ua. Senge alikuwa palepale, na alikuwa ameshasikia, sauti ya Baba Mkubwa si ya kufichika. Alikuwa akiufunga mtandio wake, taratibu, akichomeka kila ncha mahali pake. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu.

"Aliniita nani?"

"Halima."

"Alilisemaje? Niambie vile alilisema."

Nikajaribu, Daftari. Nilifungua kinywa nikiwa na Kukhu mzima masikioni, pumzi yake, mkwaruzo wake, ule upole uliokuja mwishoni mwa jina. Ikatoka sauti yangu ya kipaza sauti. Safi, imesimama wima, ile ninayojifunza kila siku. Nikajaribu tena, ikatoka ileile.

Senge alinishika bega. "Ni sauti nzuri," alisema. "Siyo yake."

Kisha akauliza, kana kwamba anauliza habari za njiani, nilipewa neno hilo lini. Nikamwambia wiki tatu kabla hajafa.

"Wiki tatu," alisema. "Shianda si ng'ambo, mwanangu."

Akaenda. Nilimtazama mpaka kona ya shamba la miwa. Angeweza kumkuta mama yake akiongea. Angeweza kuketi naye kwenye lile jiwe. Hilo halikukatwa na wembe wa ofisi wala na Bwana Mukabana, nililikata mimi kwa kuahirisha.

Leo nina ruhusa ya msiba mpaka kesho kutwa, lakini asubuhi nilikwenda kazini. Nilikwenda kwenye kikapu. Kilikuwa kitupu, na mama anayefagia akaniambia takataka zinachomwanga kila Ijumaa, nyuma kule kwa shimo. Nilikwenda shimoni na sketi yangu ya msiba, nikachokora majivu kwa kijiti. Kulikuwa na vipande vya kitu cheusi kilichoyeyuka kikashikana. Labda ni utepe, labda ni kitu kingine. Mama wa kufagia alisimama mlangoni akiniangalia, na alipoona kichwa changu akarudi ndani.

Bwana Mukabana alinipa pole, pole ya kweli, alinishika mikono yote miwili. Akaniambia kipindi cha Jumamosi kinaweza kusubiri nikitaka, ila utepe upo tayari na ni kazi nzuri sana, kilichobaki ni kunasa maneno yangu ya utangulizi Ijumaa. Nikamwambia nitakuja Ijumaa. Kisha akaenda kunywa chai, na mimi nikaingia katika chumba cha kukatia.

Niliutafuta ule muungano. Kwa masikio sikuupata, hata mimi. Niliupata kwa ukucha, nikipitisha utepe wote kati ya vidole mpaka karatasi ya gundi ikanikwaruza. Nikaubandua. Wimbo wa Kukhu sasa uko vipande viwili, na mahali jiwe lilipokuwa limesimama pameachana tena kama palivyokuwa.

Ijumaa nitanasa maneno yake kwa sauti yangu na kuyatia pale pale. Kwanza nitasema nilichofanya: kwamba mwenye wimbo alinena hapa, kwamba mimi mtangazaji nilimkata, kwamba nimeyachoma maneno yake na haya ni yale ninayoyakumbuka. Kisha nitayasema. Nitasema Halima wa Shianda, binti yake. Bwana Mukabana anaweza kukataa. Anaweza kusema redio ya taifa si uani kwa Eliakimu. Atakuwa na haki, na huenda nikarudi kwenye taipu kabla sijatangaza kipindi hata kimoja, na hilo linaniuma, sitajifanya haliniumi. Nimekitaka kipindi hiki kuliko nilivyowahi kukitaka kitu chochote. Ndiyo maana tumefika hapa.

Na Baba Mkubwa akisikia? Atasema nimetia neno, kama alivyojua nitatia. Pengine. Lakini atasikia jiwe likisimama. Alimjua mama yake miaka hamsini, anajua hakuwa mtu wa kusimamisha jiwe bure.

Mvua imepungua. Kuku wa mwenye nyumba wametoka chini ya mkokoteni wanajikung'uta. Nimekaa hapa nikipanga namna nitakavyolitamka jina lake Ijumaa, nikalitamka mara moja, mara mbili, ukutani, na ghafla nikakumbuka kitu ambacho kimenikalisha kitini mpaka wino ukakauka.

Sijui kama Senge ana redio. Miaka yote hii ya vitambaa, sijawahi kukanyaga nyumbani kwake nikaona ana nini.

Kesho siandiki barua. Basi la kwanza la Mumias linaondoka saa kumi na mbili unusu.